Rufaa ya Golikipa

Jonathan alikuwa anamsubiri mke wake, na mimi ndiye niliyemharibia. Naanza na hilo ili asiyetaka kusoma zaidi aache hapa hapa.

Naitwa Telesphory. Ni fundi wa karabai pale Katonga, zile taa za pampu ambazo wavuvi wa dagaa huzitundika usiku kwenye vipe, mitumbwi yao ya kuvulia, ili samaki waufuate mwanga. Niliacha shule darasa la nne, baba alipotaka mtu wa kuchunga, lakini kusoma sikuacha. Vioo vya karabai huvunjika upesi, kwa hiyo wavuvi huniletea vikiwa vimeviringishwa kwenye magazeti ya zamani, na mimi kabla sijaigusa taa nalinyoosha gazeti. Nasoma chochote kilichomo: tangazo la mnada, barua ya mtu wa Tabora anayelalamikia mbolea, nusu ya hadithi. Zaidi ya yote nasoma ukurasa wa michezo, kwa sababu kwenye michezo mtu akikosea anaonekana wazi, na matokeo yanaandikwa pale chini.

Humo nilikuwa nachota maneno mafupi ya kuishi nayo. Kocha mmoja wa Mwanza alisema timu yake ilifungwa kwa sababu wachezaji wote waliuangalia mpira, hakuna aliyemwangalia mtu. Nililikata lile neno, nikalibandika kwa uji kwenye ubao wa kibanda. Wiki ile ile mke wangu Winfrida aliunguza maharage mara mbili. Siku nyingine ningefoka. Nikamwangalia mtu, nikamuuliza anaumwa nini. Kumbe jino lilikuwa linamtesa siku ya tano. Basi nikaona hii ni dawa. Nikabandika la bondia aliyesema hakuangushwa na ngumi, aliangushwa na uchovu wa kukwepa ngumi. Nikabandika la mwendesha baiskeli wa Shinyanga. Ubao ukajaa, nikahamia kwenye mlango.

Watu walipita wakisoma, wengine wakinicheka.

"Fundi, leo gazeti limesemaje?"

"Limesema taa yako haina pampu na wewe huna akili."

Winfrida hakuwa anacheka. "Unasoma vipande," aliniambia. "Mtu anameza nusu ya kidonge, halafu anatangaza amepona."

Mwaka tisini na sita, mwezi wa kumi na moja, vita ilifika upande wa pili wa ziwa na watu wakaanza kuvuka. Asubuhi ukifika ufukweni unakuta mitumbwi imejaa magodoro, mbuzi, mashine za kushonea, wazee wamebebwa kama magunia. Jonathan alikuja siku za mwanzo kabisa. Alikuwa Mbembe, mvuvi wa karibu na mji wa Baraka huko Zaire, mrefu, mikono yake ungedhani amekopeshwa na mtu mwingine mkubwa zaidi. Vita ilipoingia kijijini kwao yeye alikuwa majini na wenzake watatu. Waliona moshi. Walijaribu kurudi nchi kavu, wakapigwa risasi kutoka nchi kavu. Wakageuza mtumbwi, wakaja kwetu. Nyuma alikuwa amemwacha mke wake, Merina, na mtoto wao Marcelina ambaye ndiyo kwanza anaanza kutambaa.

Wenzake watatu walikubali kuandikishwa, wakapanda malori kwenda kambini. Yeye alikataa. Alikuja kwenye kibanda changu kuomba kazi ya kuosha taa, nikampa, na chumba cha uani kwangu Gungu nikampa pia.

Sababu ya kukataa kambi ilikuwa moja. Alikuwa amempelekea Merina ujumbe kwa mdomo, kupitia mchuuzi wa sabuni aliyekuwa bado anavuka. Ujumbe ulisema hivi: nipo Katonga, kila asubuhi nasimama pale mitumbwi inapofikia. Ukifika utaniona. Usiponiona, ujue nimekufa. Usizunguke na mtoto kunitafuta kambini, rudi kwa kaka yako Kalemie.

Winfrida aliposikia aliweka mwiko chini. "Kwa nini umempa mwenzio sharti la kifo?"

"Mama, umewaona wale wanawake kule bandarini?" Jonathan alijibu. "Wanashika picha, wanauliza kila mtu, miezi. Mtoto anafia mgongoni, yeye anauliza. Mimi sitaki bibi yangu awe vile. Ajue moja. Niko ao siko."

Mchuuzi akarudi na jibu: Merina amesikia, atavuka akipata nafasi, giza likiingia. Kwa maana siku zile hakuna aliyevusha watu kwenye mbalamwezi. Mtumbwi ulionekana kutoka mbali kama nzi kwenye maziwa.

Pale Katonga kila mtu alijua Jonathan ni Mkongomani. Utamficha vipi mtu anayesema "ao" badala ya "au" na kumwita mke "bibi"? Lakini hakuna aliyelitamka. Amri ilikuwa mkimbizi yeyote nje ya kambi achukuliwe, na mgambo walikuwa wanapita, na watu walikuwa wanamuita "Jona wa fundi", basi. Kimya cha watu kilimfunika kama turubai. Na kila alfajiri alisimama pale mchangani, mikono nyuma, anatazama nyuso.

Sasa mnielewe kuhusu mpira.

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa. Vipe vinavutwa nchi kavu kwa wiki nzima, nyavu zinatundikwa, na vijana wa mitumbwi hawana la kufanya isipokuwa kunywa na kupigana. Ndiyo maana wazee wa ufukwe walianzisha Kombe la Mbalamwezi. Kila mwezi, siku za kupumzika, timu za wavuvi zinacheza jioni, Katonga, Ujiji, Kibirizi na wengine, na mshindi anachukua mbuzi. Sheria ni moja tu: mchezaji awe anafanya kazi kwenye mitumbwi ya ufukwe wake. Mimi nilikuwa kiongozi wa timu ya Katonga, na Ujiji walikuwa wametutoa miezi mitatu mfululizo.

Februari golikipa wetu alivunjwa vidole na kamba ya injini. Nilimtazama Jonathan anaosha kioo cha karabai, kioo chote kimemezwa na kiganja kimoja.

"Utadaka," nikamwambia.

"Papa Tele, mimi nimekuja kujificha, si kucheza."

"Wiki hii hakuna mtumbwi utakaovuka. Mwezi unawaka. Unasubiri nani?"

"Nasubiri tu. Kusubiri ni kazi pia."

Siku ya pili nikamletea kipande cha gazeti. Nilikuwa nimekikata makusudi. Kilisema golikipa anayeganda kwenye mstari wake hangoji mpira, anangoja kufungwa. Nikamsomea polepole, nikaongeza maneno yangu: mtu akikaa kwa woga, hatari humfuata pale pale alipokaa. Alikisoma mwenyewe mara mbili. Alicheka, na nilikuwa sijawahi kumwona akicheka.

"Kwetu nilidakia timu ya misheni," alisema. "Walikuwa wananiita Lango."

Akacheza.

Sitaieleza mechi yote. Ujiji walikuwa na mshambuliaji mfupi aliyepiga mashuti kama anatupa mawe, na Jonathan aliyadaka kama anapokea mtoto. Wanawake waliokuwa wanaanua dagaa waliacha dagaa. Nilikuwa na kipaza sauti cha betri, mali ya ofisi ya kata, tulichoazimwa kutangazia mechi, na nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Dakika za mwisho wakapata penalti. Jonathan hakuganda, aliruka kabla, akaupangua kwa ngumi, ukapita juu. Tukashinda moja bila. Vijana wakambeba. Nilimwona kule juu ya mabega, amefumba macho, anacheka na anga.

Hamdani, kiongozi wa Ujiji, alinijia huku anafuta jasho kwa kofia.

"Telesphory, yule ni mamluki. Nakata rufaa."

"Kata. Kata na ulimi wako."

"Nimemwona akidakia timu ya Mwandiga! Kwa macho yangu!"

"Macho yako yale yale yaliyooa?"

Watu wakaangua kicheko. Hayo ndiyo yalikuwa mazoea. Kila mwezi aliyefungwa alikata rufaa kwamba mwenzake amechezesha mamluki, mchezaji wa kukodi kutoka timu nyingine. Na majibu yalijulikana. Unakwenda mbele ya kamati, unaapa kwamba huyu ni mtoto wa dada yako kutoka Kasulu, anavua na mjomba wake tangu mwaka juzi. Kamati inajua unadanganya, aliyekata rufaa anajua, wote wanatafuna karanga, rufaa inatupwa, mnakwenda kula mbuzi pamoja. Nilikuwa nimeapa hivyo mara nne. Kwa hesabu ya viapo vyangu dada yangu ana ukoo mzima wa mabeki.

Mwezi ule ningeapa mara ya tano, na leo nisingekuwa naandika haya.

Lakini usiku wa kuamkia kikao nilikuwa nimelala na kipande kingine kichwani. Klabu moja kubwa ilikuwa imeshinda rufaa Dar es Salaam, na mwandishi akasema: waliokuja na karatasi waliwashinda waliokuja na maneno. Nililipenda sana neno lile. Mimi wa darasa la nne, ambaye maisha yote nimekuja na maneno, safari hii niende na karatasi. Hamdani anasema Jonathan ni mchezaji wa Mwandiga? Nitaonyesha kwamba hawezi kuwa wa Mwandiga. Nitaiweka karatasi mezani na wote watafunga midomo.

Asubuhi nikamuomba Jonathan kitambulisho chake cha Zaire. Alikuwa amekishona ndani ya mkanda wa suruali.

"Cha nini, Papa?"

"Cha kuonyesha hujawahi kuchezea timu yoyote huku. Basi."

Alinitazama. Halafu alifumua uzi kwa meno. "Wewe ndiye unayesoma," alisema, akanipa.

Winfrida alikuwa mlangoni. "Sema ni mtoto wa dada yako," alinisihi. "Tele, sema tu ni mtoto wa dada yako."

"Nimechoka kuwa mwongo."

"Mwezi huu ndiyo umechoka?"

Kikao kilikaa kwenye banda la kupimia samaki. Kamati ilikuwa watu watano, katibu wao akiwa Leonardi, karani wa ufukwe mwenye mwandiko mzuri. Mwezi ule walimwalika mtendaji wa kata, kwa kuwa ndiye angekabidhi mbuzi siku ya fainali. Alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, anatafuna karanga kama wengine. Nilimwona. Siwezi kusema sikumwona. Nilimwona nikafurahi kwamba na yeye atasikia.

Hamdani akasema yake. Mwandiga, macho yake, kadhalika. Leonardi akanigeukia, kalamu tayari, nusu anatabasamu kwa sababu alijua kinachofuata.

"Fundi, mchezaji huyu ni nani?"

Nikasimama. Nikaweka kitambulisho mezani. Nikasema kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari: mchezaji huyu hawezi kuwa wa Mwandiga, kwa kuwa ameingia nchini mwezi wa kumi na moja kutoka Zaire, anakaa nyumbani kwangu Gungu, na tangu afike anaosha taa za mitumbwi ya Katonga. Sheria inasema afanye kazi kwenye mitumbwi. Haisemi azaliwe wapi. Karatasi hiyo hapo.

Karanga zikanyamaza. Leonardi hakuandika. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake aseme anatania. Kisha mtendaji akafuta mikono kwenye suruali, akasema taratibu, "Andika, katibu. Ushahidi ni ushahidi."

Rufaa ilitupwa. Tulishinda.

Nje Hamdani alinishika mkono, akanivuta nyuma ya matanki ya mafuta. Nilidhani anataka kupigana. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Telesphory, umefanya nini?"

"Nimekushinda."

"Mimi nilikuwa nataka mbuzi tu," alisema. "Mbuzi tu, ndugu yangu! Nani asiyemjua yule kijana? Bibi yangu mzaa mama ni wa Fizi, ng'ambo huko huko. Ungesema wa Kasulu, ningesema haya, tungekwenda. Kwa nini ulitamka?"

Nilikuwa na vipande vingi vya magazeti, hakuna kilichokuwa na jibu la hilo.

Hapo ningeweza bado kumtorosha. Ningempeleka kwa ndugu zangu huko Heru, akakaa wiki moja. Nilimwambia. Alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa: mwezi ulikuwa unaanza kuchelewa kutoka, giza linarudi, mitumbwi ingeanza kuvuka wakati wowote. "Nikiwa Heru nani atakuwa pale?" aliuliza. Hakunilaumu. Alirudisha kitambulisho kwenye mkanda akashona upya, mishono midogo midogo, kana kwamba ilikuwa na maana.

Walikuja siku ya tatu, asubuhi, pale pale mchangani aliposimama. Mgambo wanne na lori tayari lina watu. Hawakumpiga. Mmoja alikuwa ameitazama mechi, akamwambia, "Golikipa, panda, usitusumbue, ulidaka vizuri." Nilikimbia kutoka kibandani na bisibisi mkononi. Nilisema ni mtoto wa dada yangu. Ndiyo, nilisema, mbele ya watu wote. Ni mtoto wa dada yangu, wa Kasulu. Mgambo wakampandisha hivyo hivyo.

Jonathan aliinama kutoka juu ya lori.

"Simama pale badala yangu. Kila asubuhi. Mwambie niko hai."

"Nitamjuaje?"

"Ana kovu la mafuta hapa." Alijipapasa mkono kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo. "Merina. Mwite tu. Ataitika."

Lori likaondoka.

Nilisimama. Hilo nililifanya, na hakuna atakayesema sikulifanya. Taa za watu zililala bila kutengenezwa. Kila alfajiri mitumbwi ilipoanza kuingia nilikuwa pale, maji yakinifika magotini, natazama mikono ya wanawake. Lakini wanawake wanaoshuka kwenye mtumbwi baada ya usiku ule wamejifunika mpaka vidole. Na ni wengi. Siku moja walishuka mia mbili. Injini zinanguruma, watoto wanalia, wachuuzi wanapiga kelele, na mimi naita "Merina! Merina!" kwa sauti iliyokwisha kwenye mechi.

Siku ya nne nikakumbuka kwamba kipaza sauti cha kata bado kiko kibandani. Kilikuwa kimelegea mahali pa betri, nikaombwa nikitengeneze. Nilikitengeneza. Nilikwenda nacho mchangani na nilijiona mwenye akili.

Siku kumi na mbili niliita kwa kipaza kile. Merina, mke wa Jonathan. Merina wa Baraka. Merina, Merina. Sauti ilikuwa inafika mpaka kwenye vipe vilivyokuwa bado majini. Hakuna aliyeitika.

Mama anayeuza uji pale ufukweni, Skolastika, ndiye aliyeniambia, na aliniambia bila kujua anachoniambia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake, siku ya kumi na saba tangu lori liondoke. Alikuwa anasuuza vikombe.

"Fundi, siku hizi umeajiriwa na serikali?"

"Nani kasema?"

"Wakimbizi wanaulizana. Kuna mmoja wiki iliyopita, Jumanne, ana mtoto, alikaa hapo hapo ulipokaa. Aliniuliza, yule mwenye kile kitu cha kuitia ni mtu wa serikali? Nikamwambia kitu chenyewe ni cha kata. Si cha kata?"

"Ni cha kata."

"Basi. Akajifunika vizuri zaidi. Akasema kwao waliitwa majina hivyo hivyo, kwa kitu kama hicho, walioitika hawakurudi."

Nilimuuliza kuhusu mkono. Nilijua, lakini niliuliza. Skolastika akafikiri. Ndiyo, alipopokea kikombe kitambaa kilirudi nyuma, mkono wote umekunjamana kama umeiva.

"Alisema nini tena?"

"Alisema mume wake aliahidi kusimama mwenyewe. Anatazama watu, anatazama watu, mpaka saa sita. Nikamwambia dada, nenda kaandikishwe upate chakula. Akasema hapana, sasa amejua." Skolastika akapanga vikombe kwenye meza. "Hakulia. Alimfunga mtoto, akapanda na wale wachuuzi wa sabuni wanaorudi Kalemie. Kwani ni nani yako?"

Nilikuwa hatua thelathini kutoka kwake. Nilihesabu baadaye, kutoka benchi hadi pale ninaposimama. Nilimwita kwa jina asubuhi nzima, yeye akiwa amekaa anakunywa uji na kunisikiliza, na kila nilipoita alizidi kusadiki kwamba mumewe amekufa na kwamba aliyebaki ni mtu anayemtafuta kwa ubaya.

Nilijaribu. Nilikwenda kwa wale watu wanaotafuta jamaa waliopotezana, wakaandika jina kwenye fomu, wakasema wana maelfu ya majina. Nilimtafuta yule mchuuzi wa zamani, nikaambiwa alikufa maji. Kalemie nayo ilikuwa imechukuliwa na waasi, na mwanamume aliyeshuka pale kutoka kwetu aliulizwa kwanza bunduki yake iko wapi. Miaka minne sasa. Hamdani, kwa ndugu zake wa Fizi, ameulizia zaidi yangu. Hakuna.

Kulikuwa na jambo moja la kufanya, nikalifanya wiki ile ile niliyozungumza na Skolastika. Nilipanda treni nikashuka Lugufu, kwenye kambi alikopelekwa Jonathan, na getini nikasema nimekuja kutengeneza taa.

Kambi ilikuwa bado mpya, miti imekatwa karibuni, vumbi jekundu, mahema, na kati ya mahema watu wanajenga nyumba za fito na udongo. Niliuliza golikipa, nikaelekezwa mara moja. Jonathan alikuwa amevua shati, udongo mpaka kwenye kope. Alikuwa peke yake, lakini alikuwa anajenga vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa kimekandikwa tayari. Cha pili kilikuwa fito tu, zimesimama, zimefungwa kwa kamba za magome.

"Papa Tele!" aliita. Kisha akatazama nyuma yangu, njiani, kuona nimekuja na nani.

Nilimwambia pale pale tukiwa tumesimama. Sijui kusema kwa kuzunguka. Nilimwambia kuhusu kipaza, benchi, kitambaa kilichorudi nyuma, wachuuzi wa sabuni. Nilimwambia alingoja mpaka saa sita. Sikuacha kitu. Alikuwa ameshika donge la udongo, na nilipomaliza alikuwa bado amelishika, limeanza kukauka kwenye kingo.

"Jumanne," alisema.

"Jumanne."

"Jumanne nilikuwa nakata fito hizi."

Jirani kulikuwa na mzee mmoja wa Uvira na wajukuu sita chini ya turubai moja. Walikuwa wanatutazama, kisha mzee akawageuza watoto, wakatazama upande mwingine.

"Mtoto," Jonathan akauliza. "Huyo mama alisema anatembea?"

Nilimuuliza Skolastika mambo mengi, hilo sikumuuliza. Nilikumbuka tu kwamba alisema mtoto alimwaga uji kwa kushika ukingo wa meza. "Alikuwa amesimama," nikasema. "Ameshika meza."

Akaweka kiganja hewani, kando ya goti lake, kupima. Akakishusha kidogo. Akakipandisha tena. "Hapa?"

"Sijui, Jonathan. Sikumwona."

Kisha alinawa kwenye ndoo, akaingia kwenye chumba cha pili, kile cha fito tupu, akaanza kufumua kamba. Alichomoa ufito wa kwanza, akaukung'uta udongo wa shinani, akaupeleka kwa yule mzee wa Uvira akaulaza mbele ya turubai. Akarudi, akachomoa wa pili. Mzee alisimama, akaupokea.

Nilivua shati nikaingia. Alinitazama, hakunikataza. Fito zilikuwa zimeshindiliwa vizuri, ilibidi tuzitikise wawili wawili mpaka zilegee. Tulifanya hivyo mpaka kikabaki kiwanja na mashimo yake.

"Ziba," aliniambia. "Watoto watavunjika miguu."

Nikapiga magoti nikaanza kuyaziba mashimo kwa mikono, moja baada ya jingine, na yeye akawa anayakanyaga kwa kisigino.